Je, wajua kwa nini pilipili hoho ya Edward Weston inafanana na mwili wa mtu?

Mtu akiitazama kwa mara ya kwanza picha iitwayo Pepper No. 30, anaweza kuapa kwamba ni mgongo wa mtu aliyejikunja, misuli imetutumka, bega limeinama. Kumbe ni hoho. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliipiga Agosti 1930 huko Carmel, California, na namba 30 inakuonyesha alivyohangaika na hoho kabla ya kuipata hii.

Anza na rangi: picha hii ni ya nyeusi na nyeupe. Hoho ya kijani inakupeleka sokoni na jikoni papo hapo. Ukiiondolea kijani chake, jicho linabaki na umbo tu: mikunjo, mabonde, mng'ao wa ganda. Kijivu kinapopanda polepole kutoka weusi hadi weupe, tunaona mviringo, na mviringo wa namna hiyo tumeuzoea zaidi kwenye mabega na migongo ya watu.

Hata hivyo, picha nyingi za nyeusi na nyeupe ni bapa kabisa. Hii imeokolewa na mwanga. Weston alikuwa amejaribu kuweka kitambaa na kadibodi nyeupe nyuma ya hoho, asiridhike. Ndipo akaichukua faneli ya bati, akaitia hoho kwenye mdomo wa faneli hiyo. Bati likawa linarudisha mwanga hafifu kwenye kingo za hoho, hivyo hata upande ulio kivulini ukapata mng'ao mwembamba unaoonyesha umbo linapoishia. Nyuma yake ni giza, na hakuna kinacholivuta jicho kwingine.

Halafu kuna tundu la lenzi. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kutumia filamu ya inchi 8 kwa 10, yaani kama sentimita 20 kwa 25. Kwa kamera kama hiyo, ukipiga kitu kidogo kwa karibu, mbele panaonekana vizuri na nyuma panaingia ukungu. Dawa yake ni kulibana tundu la lenzi liwe dogo sana. Lakini tundu dogo linapitisha mwanga kidogo, kwa hiyo lenzi lazima iachwe wazi kwa muda mrefu. Mtu angechoka na kutikisika. Hoho imetulia tu. Tena picha haikukuzwa: negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ililazwa juu ya karatasi ya picha, ikamulikwa, na kila kikovu cha ganda kikatoka kama kilivyo.

Weston hakuanza hivi. Kuanzia 1911 alikuwa na studio Tropico, karibu na Los Angeles, akitoa picha laini zenye ukungu, zilizotaka kufanana na michoro ya brashi. Zilimpa tuzo na jina. Mwaka 1922 alipiga picha mabomba marefu ya kiwanda cha chuma cha Armco, Ohio, kisha akaenda New York kuonana na mpiga picha mashuhuri Alfred Stieglitz, na mwaka uliofuata akahamia Mexico na mpenzi wake, Tina Modotti. Aliporudi 1926, ukungu ulikuwa umekwisha. Kuuacha mtindo unaokupa riziki si jambo dogo, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa hoho yenyewe. Aliamini kamera isiige brashi, bali ifanye kile ambacho brashi haiwezi.

Mwaka 1932, yeye na wapiga picha wenzake, wakiwemo Ansel Adams na Imogen Cunningham, wakafanya maonyesho San Francisco kwa jina la Group f/64; f/64 ni kipimo cha tundu dogo sana la lenzi.

Wengi waliiona hoho ile kama picha ya mapenzi, na Weston alikataa tafsiri hiyo. Ukitaka kuona alichokuwa akikitafuta, tafuta picha yake ya 1931 ya jani la kabichi. Mishipa ya jani inashuka kama mikunjo ya kitambaa kizito. Kwangu mimi, hiyo inaizidi hata hoho.