Kompyuta Iliyoovaklokiwa Ikijizima, Usikimbilie Volti

Mwezi uliopita nililetewa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-9600K, ambayo mwenyewe alikuwa ameiovakloki, yaani ameiendesha kwa kasi kupita ile ya kiwandani, hadi gigahezi 4.9 kwenye koa (viini vya kuchakata) zote sita. Ilikuwa ikijiwasha upya ghafla mara mbili au tatu kwa siku, na kila ilipofanya hivyo yeye aliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, akaongeza volti kidogo. Ilipofika mezani kwangu prosesa ilikuwa ikipewa volti 1.38, joto lake likifika nyuzi 96 baada ya dakika chache za kazi nzito, na tatizo lilikuwa palepale.

Kuongeza volti kuna mantiki yake, kwa sababu transista zinazotakiwa kufanya kazi kwa kasi zaidi huchelewa zikipewa umeme hafifu, na hesabu moja iliyokosewa yatosha kuangusha mfumo mzima. Lakini umeme unaotumiwa na prosesa hupanda kwa kadiri ya mraba wa volti: ukitoka 1.20 ukafika 1.32, yaani asilimia 10 tu, joto linalozalishwa huongezeka kwa takriban asilimia 21 hata kama kasi haikubadilika. Prosesa hiyo ikigonga nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na hapo faida yote uliyokuwa ukiitafuta inakuwa imeyeyuka.

Nilifungua Event Viewer ya Windows, inayoonyesha rekodi za matukio ya kompyuta. Mwenyewe alikuwa ameona humo tukio la Kernel-Power lenye namba 41, akahitimisha kwamba pawasaplai, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imechoka na karibu anunue nyingine. Hilo ni kosa ninalokutana nalo mara nyingi mno. Namba 41 husema tu kwamba kompyuta ilizimika pasipo kufuata utaratibu wa kuzima, wala haisemi nini kiliizima. Kilichonivutia zaidi ni kile ambacho hakikuwamo: hapakuwa na hata tukio moja la WHEA, yaani ripoti ya Windows kuhusu hitilafu za vifaa, ambalo kwa kawaida prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake huliacha nyuma. Tena, skrini za bluu zilizowahi kuonekana zilikuwa na majina tofauti kila mara, MEMORY_MANAGEMENT leo, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kesho, na makosa yanayobadilika-badilika namna hiyo hunifanya niitazame RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla ya kitu kingine.

Nikairudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani, nikaiacha RAM ilivyo. Ikaanguka jioni hiyohiyo, kwa hiyo kasi ya prosesa haikuwa chanzo.

Watu wengi hawaihesabu XMP, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida, kuwa ni kuovakloki, kwa kuwa huwashwa kwa kubofya mara moja tu. Ni kuovakloki kamili. Intel huidhamini prosesa hiyo kwa RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2666. Kompyuta hii, kwa XMP, ilikuwa ikiiendesha RAM kwa kasi ya 3200 na volti 1.35, juu ya 1.2 ambayo ndiyo ya kawaida kwa DDR4. Zaidi ya hayo ilikuwa na vipande vinne vilivyonunuliwa jozi mbili kwa nyakati tofauti, na vipande vinne huilemea sehemu ya prosesa inayosimamia RAM kuliko viwili. MemTest86, programu ya kupima RAM inayowashwa kutoka kwenye flashi pasipo kuhitaji Windows, haikuonyesha kosa lolote nilipopima kila jozi peke yake; nilipoziweka pamoja, makosa yalianza katika mzunguko wa pili, RAM ilipokwisha kupata joto.

Niliishusha RAM hadi 3000, nikapima usiku kucha pasipo kosa, kisha ndipo nikairudisha prosesa kwenye gigahezi 4.8 kwa volti 1.28. Sasa joto halivuki nyuzi 80.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuendesha sfc /scannow, amri inayokagua na kurekebisha mafaili ya Windows, kwani RAM yenye makosa haiangushi kompyuta tu, bali huandika data mbovu kwenye diski pasipo kukuarifu. Mafaili ya Windows yalirekebishika. Video mbili alizokuwa amezihariri wiki ile hazikufunguka tena.