Shingo, bapa na chemchemi: tunavyopima nguvu na unyumbufu wa wembe wa kunyolea

Wembe wa kutupa ukifika mezani kwetu maabara, hatuanzi na makali. Tunaanza na shingo, pale mpini unapokutana na kichwa. Mkono unasukuma upande mmoja, ngozi inazuia upande wa pili, na mzigo wote wa kupinda unaishia penye wembamba kuliko pote. Kona ya shingo ikiachwa kali kiwandani badala ya kuviringwa, mkazo hujazana hapo na ufa huanzia hapo. Mpini ukikatika ghafla wakati kichwa kiko kooni, mtu hukatwa vibaya na wembe ambao makali yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Mpini unalazwa juu ya nguzo mbili, mashine inaukandamiza katikati polepole, na kompyuta inaandika nguvu iliyotumika na umbali ambao mpini umepinda. Mpini wa polistireni, plastiki ngumu isiyopenda kupinda, hukaza, hukaza, kisha hukatika kwa mlio. Wa polipropilini, plastiki laini zaidi, hupinda sana, hupata alama nyeupe, na mara nyingi haukatiki kabisa. Kwa chombo kinachopita usoni, mimi naichagua plastiki inayotoa taarifa kabla ya kushindwa, hata kama mkononi inaonekana laini.

Unene nao una hesabu ambayo mnunuzi haioni. Ukakamavu wa mpini hufuata unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Kiwanda kikishusha unene kutoka milimita 4 hadi 3.2, kimeokoa sehemu moja ya tano ya plastiki, lakini mpini umepoteza karibu nusu ya ukakamavu wake. Dukani mipini hiyo miwili utaiona sawa.

Kiwango cha kimataifa cha kupinda plastiki, ISO 178, kinataka vipande visivyopungua vitano, na hali ya kawaida ya kupimia ni nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50. Sasa, bafuni hakuna hali hiyo. Kuna maji ya moto, sabuni, na mafuta ya kupaka. Polistireni iliyobeba mzigo ikiguswa na mafuta inaweza kupasuka kwa nguvu ambayo ikiwa kavu ingeistahimili bila shida. Kwa hiyo vipimo vya mipini mikavu peke yake havinitoshi. Naiamini zaidi mipini iliyoloweshwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni.

Tuje kwenye chuma. Bapa la wembe wa pande mbili lina unene wa takriban milimita 0.1, na kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu chenye kromiamu ya karibu asilimia 13. Hupashwa moto kupita nyuzi 1,000, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo. Likiishia kwenye kupozwa tu, lingekuwa gumu na la kuvunjika kama kioo. Ule moto wa pili ndio unaolirudishia uvumilivu.

Lakini chuma kigumu kiasi hicho kinapindaje bila kukatika? Kwa sababu ya wembamba. Pinda bapa hilo kufuata duara lenye nusu kipenyo cha milimita 10, na uso wake wa nje unavutika kwa asilimia 0.5 tu, ukiliachia linarudi lilivyokuwa. Chuma kile kile chenye unene wa milimita 1 kingelazimika kuvutika asilimia 5, na kingekatika. Kichwa cha mashine ya kunyolea ya mkono hulibana bapa likiwa limejipinda kwa makusudi, kwani bapa lililopinda halitikisiki linapokutana na ndevu. Ndivyo bati la migongo linavyobeba uzito ambao bati la kulala lisingeubeba.

Vinyozi wengi huukata wembe wa pande mbili katikati ili watumie nusu. Naomba wanisikilize. Bapa linalopindwa linahifadhi nguvu kama upinde, na likikatika huitoa yote kwa mara moja. Kipande kinaweza kuruka hadi jichoni. Likunje likiwa bado ndani ya karatasi yake, mbali na uso.

Kuhusu makali, mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu jinsi unywele, ulio laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, unavyokimegua. Waligundua kuwa makali hayawi butu kwa kusuguliwa tu. Unywele ukijipinda mbele ya makali, na ukigusa mahali ambapo chuma hakiko sawasawa ndani yake, kijipande hubanduka. Kwa hiyo kuongeza ugumu peke yake si dawa. Chuma kinatakiwa kiwe sawa ndani kote. Kwako wewe nyumbani, lowesha ndevu dakika mbili tatu kabla ya kunyoa. Unywele uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo zaidi.

Vichwa vya nyembe vinavyochezacheza kufuata uso navyo huchezeshwa na mashine maelfu ya mara, tuone kama chemchemi zake, yaani springi, bado zinakirudisha kichwa mahali pake.

Wewe huna mashine, lakini macho unayo. Kabla ya kunyoa, geuza wembe kwenye mwanga uangalie shingo. Ukiona mstari mweupe, plastiki imeshavutika kupita mpaka wake. Utupe, hata kama bado unakata vizuri.