German Shepherd hakuzaliwa mkali
Hapa Mwanza, hasa kwenye nyumba za Bwiru na Capri Point zenye mageti marefu, wengi huamini kwamba mbwa aina ya German Shepherd huzaliwa mkali, na kwamba kumfungia bandani mchana kutwa humwongezea ukali. Sivyo. Aina hii ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, kutokana na mbwa wachunga kondoo. Alichokitafuta ni akili, utii na ustahimilivu wa kazi. Mtoto wa mbwa asiyezoeshwa watu katika miezi yake 3 ya mwanzo hukua na woga, na ule mngurumo wa mbwa aliyebana mkia katikati ya miguu ni hofu tupu, nayo inahuzunisha, kwa sababu mbwa mwenye hofu huweza kumng'ata hata mtoto wa mwenye nyumba.