Goti la Mtoto Likivimba, Msilikande Kila Siku

Mtoto akirudi kutoka mpirani Tononoka huku akichechemea, bibi hutoa mafuta ya nazi akamkanda. Mara nyingi huwa ni teke tu, na hupona. Lakini maumivu yakipita wiki mbili tatu, yakawa yanamwamsha usiku, au uvimbe ukazidi kukua, naomba mkono wa bibi upumzike na mtoto akapigwe eksirei. Kukanda hakuleti saratani. Hula siku, na siku hizo ndizo tunazozihitaji.

Osteosakoma, saratani ya mifupa inayowapata zaidi watoto na vijana, hupenda kuanzia karibu na goti. Hapo mfupa wa paja una gegedu la ukuaji, na gegedu hilo moja huupa mfupa asilimia 70 hivi ya urefu wake, karibu sentimita 1 kwa mwaka. Kwa hiyo picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili, sisi wapasuaji tunaitazama kwa makini sana: uvimbe umeishia wapi? Ukiwa bado uko mbali na gegedu, tunaweza kukata mfupa kati ya uvimbe na gegedu. Ukiwa umelisogelea bila kulivuka, huenda gegedu likatolewa, ila ncha ya mfupa ikabaki na kano zake, mtoto akaendelea kukunja goti lake la kuzaliwa. Pengo hujazwa kwa mfupa uliotolewa na mtu aliyefariki, au mfupa mwembamba wa kando ya muundi pamoja na mishipa yake ya damu. Huo, kwa kuwa u hai, hunenepa kadiri mtoto anavyoutumia. Kuunga huchukua miezi mingi, kwa magongo.

Upasuaji peke yake hautoshi. Kabla ya miaka ya 1970, hata mguu ulipokatwa, hakupona zaidi ya mtoto mmoja katika watano, maana chembe za saratani zilikwisha kufika mapafuni bila kuonekana. Ndiyo maana dawa za kemotherapia, za kuua chembe za saratani, hutangulia kwa wiki 10 hivi, kisha huendelea baada ya upasuaji.

Uvimbe ukishaingia ndani ya goti, sitajaribu kuliokoa. Uhai wa mtoto kwanza.

Jambo moja wazazi hawaambiwi: kipande cha uvimbe cha kupimwa kikichukuliwa mahali pasipofaa, njia ya sindano inaweza kuchafuliwa na saratani na kutunyima nafasi ya kuliokoa goti. Kabla hamjakubali, mwulizeni daktari: atakayechukua kipande ndiye atakayempasua mtoto, au wameshauriana?