Uzuri kamilifu: maana yake, na jinsi ya kuusoma kwenye mchoro

Bi harusi mtarajiwa alikaa kwa mpambaji mmoja wa Kibokoni, Mombasa, akafungua simu. Nyusi alizitaka kama za huyu, midomo kama ya yule, pua "ionekane nyembamba" kama ya mwingine, na hina ipande hadi kiwikoni kama ya bi harusi wa Dubai. Mpambaji akazitazama picha moja moja, piko ingali mkononi, kisha akamwuliza: "Sasa mamangu, hawa ni watu wanne. Wewe nikuweke wapi?"

Saluni nzima ilicheka, lakini swali lile ndiyo dhana yenyewe. Katika sanaa, uzuri kamilifu si uzuri uliopita kiasi. Ni sura ya kuokoteza: jicho la huyu, shingo ya yule, mpaka apatikane mwanamke ambaye hakuna mama aliyemzaa. Kisa chake cha kale ni cha Zeuxis, mchoraji wa Ugiriki aliyetaka kumchora Helena, yule mrembo wa hadithi za Kigiriki. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mwanamwali mmoja hakumtosha. Alichagua watano wa mji wa Croton, akachukua kwa kila mmoja kilichompendeza.

Lugha yetu inalifafanua jambo hili vizuri. Uzuri mtu huzaliwa nao. Urembo hutiwa, ndiyo maana twasema kuremba. Uzuri kamilifu basi ni urembo unaojidai uzuri, na anayeufasiri mchoro wa namna hii kazi yake ni kutafuta mishono, yaani pale vipande vilipounganishwa.

Chukua mchoro wa Ingres, mchoraji wa Ufaransa, uitwao La Grande Odalisque, wa 1814, ulioko Louvre, Paris. Aliyeuagiza ni Caroline Murat, malkia wa Naples, dada yake Napoleon. Mwanamke yu uchi, amejinyoosha kitandani, ametupa mgongo, uso ameugeuza kututazama juu ya bega. Kwa jicho la haraka hana kasoro. Sasa anzia shingoni, uufuate mgongo kwa kidole: unashuka, unapinda, unaendelea tu. Wakosoaji wa enzi zile walisema kaongezwa pingili tatu za uti. Madaktari wa Ufaransa waliochapisha vipimo vyao mwaka 2004 wakasema ni tano. Na Ingres kuchora alijua sana. Mgongo ule aliutaka. Mwili umerefushwa ili mtazamaji ashibe macho, na mwenye mwili angejaribu kuinuka, sijui angeinukaje.

Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, anafanya kinyume: mishono anaiacha wazi. Katika mfululizo wake wa 2006 alibandika vipande vya picha za magazeti juu ya michoro ya zamani ya kitabibu inayoonyesha maradhi ya uzazi ya wanawake. Unaona midomo ya jarida la mitindo, halafu nyuma yake ugonjwa. Kwangu yeye ndiye mwalimu bora kuliko Ingres, maana hakufichi mkasi ulipopita.

Orlan, msanii wa Ufaransa, aliupeleka mkasi kwenye uso wake mwenyewe. Kati ya 1990 na 1993 alifanyiwa upasuaji mara tisa, na katika mpango wake mlikuwa na kidevu cha Venus aliyechorwa na Botticelli na paji la Mona Lisa. Alikuwa macho, akisoma maandishi kwa sauti huku daktari akikata.

Wengi wetu tukikutana na kazi kama hizi twakimbilia "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", tukadhani tumeshafasiri. Methali hiyo inamsuta mwanamke aliyepambwa. Mchoro unauliza mengine: nani aliagiza, nani alikata, na kipande kipi kilitupwa kwa sababu hakikufaa.

Ukitaka mazoezi, huna haja ya kwenda Paris. Tazama mlango wa saluni uliochorwa kwa mkono: uso umenakiliwa kwenye kalenda, nywele kwenye pakiti, mkono wenye hina kwenye kitabu cha mapambo. Halafu shuka mpaka kifundo cha mkono. Mara nyingi hapo rangi ya ngozi hubadilika ghafla, kwa sababu mkono ni wa mtu mwingine.