Je, wajua asiyeona huchezaje sataranji?

Asiyeona hucheza sataranji, au chesi kama wengi waiitavyo, kwa kuupapasa ubao. Akitaka kujua farasi wa mpinzani amesimama wapi, hupitisha vidole juu ya kete zote zilizo njiani. Kwenye ubao wa kawaida kete mbili tatu zingeanguka papo hapo.

Ndiyo maana ubao wake una tundu katikati ya kila mraba, yote 64, na kila kete ina kijiti chini kinachoingia tunduni. Miraba 32 myeusi imeinuliwa kidogo. Akipapasa safu moja, kidole hupanda na kushuka. Akifuata mshazari, yaani njia ya kete iitwayo askofu, kimo hakibadiliki. Kete 16 nyeusi hutiwa alama, mara nyingi kipini kidogo utosini. Alama ikae juu, maana kidole hukutana na kichwa cha kete kwanza.

Anayetoboa ubao mwenyewe ajaribu tundu moja kwenye kipande cha mbao kwanza. Tundu likilegea, kete huinama na kung'oka ikiguswa. Likibana, kuing'oa hutikisa ubao mzima na za jirani hutoka.

Lakini ubao pekee hautoshi, na hapa ndipo tunapoisifu sheria. Katika sataranji, ukigusa kete yako kwa nia ya kuisogeza, lazima uisogeze. Sasa anayeona kwa vidole afanyeje? Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinasema kwamba kwake kete huhesabiwa imeguswa pale tu inapotolewa tunduni. Apapase atakavyo.

Akicheza na anayeona, kila mmoja anaweza kudai ubao wake. Hatua hutamkwa kwa sauti, mpinzani huirudia, kisha huitekeleza kwenye ubao wake. Safu wima za ubao hutajwa kwa herufi A hadi H, na safu za kulala kwa namba. Kwa kuwa herufi kama B na D hukaribiana masikioni, kanuni zinapendekeza majina badala ya herufi: Anna, Bella, Cesar, David, Eva, Felix, Gustav, Hector. Basi mtu husema, "Farasi, Felix tatu," yaani farasi aende mraba F3.

Kurudia kusipuuzwe. Hatua moja ikisikika vibaya, mbao mbili huachana kimya kimya, na kosa huja kugunduliwa baada ya hatua nyingi. Hapo mwamuzi hulinganisha kumbukumbu za hatua za wachezaji wote wawili, ikiwemo ya asiyeona iliyoandikwa kwa nukta nundu au kurekodiwa kwa sauti, ili kete zirudishwe mahali pake.