Filamu za mapenzi ya jinsia moja hazikuanza juzi

Wengi husema filamu za wapenzi wa jinsia moja ni mambo ya juzi. Si kweli. Mwaka 1919, nchini Ujerumani, Richard Oswald alitengeneza Anders als die Andern, filamu bubu aliyoiandika pamoja na daktari Magnus Hirschfeld. Conrad Veidt anaigiza mpiga fidla anayempenda mwanafunzi wake. Tapeli mmoja anagundua, anadai pesa ili afunge mdomo, anarudi kudai tena na tena, hadi msanii anakunywa sumu. Oswald na Hirschfeld walilenga kifungu cha 175, sheria ya Ujerumani iliyowafunga wanaume waliopenda wanaume wenzao. Mwaka 1920 filamu ikapigwa marufuku. Baadaye Wanazi wakaharibu nakala. Vimebaki vipande tu, na hilo linaniuma sana.